Kuficha, kukimbia, kukana: mipaka ya imani wakati wa mateso

Mwezi Juni mwaka 250, mzee wa miaka 72 aitwaye Aurelius Diogenes, mwenye kovu kwenye nyusi ya kulia, alifika mbele ya kamati ya matambiko ya kijiji chake huko Misri akaomba cheti. Alitamka kwamba siku zote amekuwa akiitambikia miungu, na kwamba sasa, mbele ya wajumbe, ametambika, amemimina kinywaji na kuonja nyama ya sadaka. Vyeti vya namna hii zaidi ya 40 vimefukuliwa Misri. Vyote vinafuata kielelezo kimoja kwa sababu vilitokana na amri moja ya Kaisari Decius wa Roma, iliyowahusu wakazi kwa jumla, wawe Wakristo au wasiwe.

Ukivisoma, kuna jambo linashangaza: havimtaji Kristo hata mara moja. Hakuna aliyeulizwa anaamini nini. Kamati ilitaka kuona mkono ukimimina na mdomo ukionja, basi.

Mateso mengi ya kidini hufanya kazi hivyo hivyo. Mtawala hana kifaa cha kuupima moyo, kwa hiyo hudai kitu kinachoonekana, tena mara nyingi kidogo cha kushangaza. Nagasaki, Japani, kuanzia miaka ya 1620 mwishoni, kilidaiwa kitendo cha kukanyaga picha ya Yesu au Maria mbele ya ofisa. Katika kambi za Wanazi, Mashahidi wa Yehova waliovalishwa pembetatu ya zambarau waliwekewa fomu mezani: tia sahihi kwamba umeiacha imani yako, utoke. Malawi, baada ya Mashahidi hao kupigwa marufuku mwaka 1967, kilichowaponza zaidi kilikuwa kadi ya chama tawala waliyokataa kuinunua. Mwaka 1972 maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji, na marufuku ilikuja kuondolewa mwaka 1993. Asiyeijua imani yao angeuliza: kadi tu?

Swali hilo ndilo kiini cha mjadala mzima. Kwamba imani ilindwe, waumini wa dini zote wanakubaliana. Wanachobishania ni kitendo gani hasa kinahesabika kuwa ni kuikana, na kipi ni kujificha tu. Anayeingia kwenye chumba cha mahojiano bila kuwa amelipatia swali hilo jibu mapema, atalijibu akiwa na njaa, hajalala, na anaogopa. Hapo ndipo watu huanguka, wala si kwa sababu imani yao ilikuwa ndogo.

Kinadaiwa nini, nani anaona, nani mwingine anaumia

Sheria ya Kiyahudi ndiyo iliyoeleza jambo hili kwa upangilio wa mapema zaidi. Talmudi, katika kitabu cha Sanhedrin, inaanza na kanuni ya uhai: mtu akitishiwa kuuawa, avunje amri asife. Kisha inatoa mambo matatu yasiyo na ruhusa hata kwa kitisho cha kifo: kuabudu sanamu, zinaa iliyoharamishwa, na kumwaga damu ya mtu mwingine. Baada ya hapo inaingiza jambo ambalo wengi hulisahau: hadhara. Kinachoruhusiwa faraghani hukatazwa kikidaiwa mbele ya Wayahudi kumi kwa lengo la kuivunja dini yao. Na wakati wa kampeni ya serikali ya kuifuta dini, hata jambo dogo la mtindo wa kufunga kiatu halilegezwi.

Mantiki yake ni kwamba kitendo kile kile hubeba maana tofauti kulingana na anayekidai na wanaokitazama. Ofisa mwenye uroho akikulazimisha kupika siku ya Sabato kwa sababu ana njaa, anataka chakula. Akikulazimisha mbele ya watu wako ili waone umeshindwa, anataka ushahidi wako.

Kisa cha Eleazari katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 6, kinalionyesha hilo kwa karibu. Ni mwalimu wa sheria, umri wake miaka 90, anashurutishwa kula nguruwe. Wasimamizi ni watu waliofahamiana naye siku nyingi, wanamhurumia. Wanamvuta pembeni na kumnong'oneza: lete nyama yako mwenyewe, iliyo halali kwako, uile mbele ya watu kana kwamba ni ile ya mfalme. Kwa kipimo cha chakula peke yake, asingevunja amri yoyote. Anakataa, na sababu anayoitoa inawahusu watazamaji: vijana watadhani Eleazari ameingia dini ya kigeni akiwa na miaka 90, nao watapotea kwa ajili yake.

Fiqhi ya Kiislamu inaanzia mahali pengine. Ammar bin Yasir, ambaye mama yake Sumayya ndiye anayehesabiwa shahidi wa kwanza katika Uislamu, aliteswa Makka hadi akatamka maneno waliyoyataka washirikina. Alipomwendea Mtume (S.A.W.) akilia, aliulizwa anauonaje moyo wake. Akajibu kwamba umetulia katika imani. Akaambiwa wakirudia, naye arudie. Wafasiri huihusisha na tukio hilo aya ya 106 ya Sura An-Nahl, inayomwondolea lawama aliyelazimishwa huku moyo wake umetua juu ya imani.

Aya hiyo hunukuliwa sana, na masharti yake hayanukuliwi. Wanazuoni walipoijadili hali ya kulazimishwa waliweka vipimo. Anayetishia awe na uwezo wa kutekeleza kitisho chake. Anayetishiwa awe na dhana yenye nguvu kwamba kitatekelezwa. Kitisho kiwe cha karibu, si cha "siku moja utaona". Kiwe kizito, kama kuuawa, kukatwa kiungo au kipigo kisichovumilika. Na mtu asiwe na njia ya kuponyoka. Kucheka kwa wafanyakazi wenzako hakufiki hapo, wala kukosa cheo. Hata masharti yote yakitimia, ruhusa ina ukomo: hakuna anayeruhusiwa kumuua asiye na hatia ili ajiokoe. Tena ruhusa inabaki kuwa ruhusa. Anayesimama imara hadi mwisho hahesabiwi kuwa amejiangamiza, ndiyo maana Bilali, aliyelazwa juani na jiwe kifuani akisema "Ahad, Ahad", na Ammar wote wawili wanaheshimiwa.

Anayefuatwa na watu hupimwa kwa kipimo kingine. Mwaka 833 Khalifa al-Ma'mun aliamuru makadhi na wanazuoni wakiri kwamba Kurani imeumbwa. Wengi walikiri kwa kuhofia maisha yao. Ahmad bin Hanbal alikataa, akafungwa, na chini ya khalifa aliyefuata akachapwa mijeledi. Kukiri kwake kusingekuwa kwa mtu mmoja. Maelfu walikuwa wakichukua elimu kwake. Kiongozi wa dini anayejipimia kwa ruhusa ya Ammar ni vizuri akumbuke kwamba yeye anasimama pia mahali pa Eleazari.

Swali la tatu, la nani mwingine anaumia, ndilo dini hizi zinakaribiana zaidi kulijibu. Kunyamaza kuna nafasi yake. Kutamka neno kwa kulazimishwa kuna mjadala. Kutoa majina ya wenzako ili wewe utoke ni jambo ambalo hakuna mapokeo yanayolipa ruhusa nyepesi.

Sauti ya anayekupenda

Maandalizi mengi huandaa watu kumkabili mtesi mkali. Kumbukumbu za waliouawa kwa ajili ya imani zinaonyesha hatari nyingine. Perpetua, Mkristo aliyeuawa Carthage, Afrika Kaskazini, mwaka 203 akiwa na mtoto mchanga, aliandika mwenyewe kuhusu siku zake za gerezani. Anaemzungumzia kwa uchungu kuliko wote ni baba yake, mzee mwenye mvi, aliyembusu mikono na kumwangukia miguuni akimsihi amhurumie mtoto wake. Namugongo, Uganda, tarehe 3 Juni 1886, miongoni mwa vijana wa Kabaka Mwanga waliohukumiwa kuchomwa moto alikuwemo Mbaga Tuzinde, kijana wa nyumbani kwa Mukajanga, mkuu wa wauaji wenyewe. Mukajanga alimsihi sana aseme tu kwamba ameacha kusali. Aliposhindwa, akaagiza apigwe kwanza shingoni ili asiyahisi maumivu ya moto.

Sauti ya namna hiyo haijibiki kwa hoja. Anayekusihi hana haja ya kushinda mjadala, anataka uishi. Ndiyo sababu mazungumzo na mume, mke, wazazi na watoto wakubwa yafanyike kabla ya siku ya kukamatwa, na yawe ya mambo ya wazi: nikiwekwa ndani nitakataa nini na nitakubali nini, nani atachukua watoto shuleni siku hiyo, nyaraka ziko wapi, nani ataitafuta nafasi ya kumwona wakili, na ninyi mkiulizwa kuhusu mimi, mseme nini. Familia ambayo haijaambiwa lolote ndiyo hutumika kirahisi kama kamba ya kumvutia mfungwa.

Jambo la pili la maandalizi ni kujua mahojiano yanavyokwenda. Mbinu ni chache na hurudiwa kila mahali. Unatengwa, unanyimwa usingizi, kisha unaambiwa wenzako wote wameshatia sahihi na umebaki wewe. Mara nyingi si kweli, na hata ikiwa kweli haibadilishi chochote kuhusu sahihi yako. Kisha anakuja ofisa wa pili, mpole, mwenye fomu "ya kawaida tu". Kosa kubwa la watu wema hapo ni kueleza. Wanadhani wakifafanua imani yao vizuri wataeleweka, na katika kufafanua wanataja nyumba waliyokutana, nani alisoma somo, nani alileta vitabu. Jibu fupi lenye kukuhusu wewe peke yako, linalorudiwa kwa maneno yale yale, ndilo linaloweza kushikika saa kumi za usiku. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma, wala yenye nafasi zilizoachwa wazi. Ukitia sahihi kitu kwa kulazimishwa, mweleze wakili au mtu unayemwamini mara tu utokapo, pamoja na tarehe na yaliyoandikwa.

Na kabla ya yote mtu ajiulize kama anachopata ni mateso ya imani. Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 4, unatenga wazi anayeteswa kwa jina la Kristo na anayeadhibiwa kwa wizi, uovu au kujishughulisha na mambo ya watu. Kodi isiyolipwa, jengo lisilo na kibali au lugha ya matusi kwa jirani humpa mtawala sababu iliyo tayari, na huwaondolea wengine hamu ya kukutetea.

Kukimbia

Wako wanaoona aibu kukimbia. Maandiko hayaioni hivyo. Injili ya Mathayo, sura ya 10, inaagiza wanaofukuzwa mji mmoja wakimbilie mwingine. Waislamu wa kwanza walihamia Habasha (Ethiopia) yapata mwaka 615, ambako mfalme Najashi aliwapa hifadhi baada ya kumsikiliza Ja'far bin Abi Talib. Sura An-Nisa, aya ya 97 na 98, inakwenda mbali zaidi: inamlaumu mwenye uwezo wa kuhama akabaki mahali asipoweza kuitekeleza dini yake, na kuwasamehe wanyonge wasio na njia. Musa bin Maimun, mwanazuoni wa Kiyahudi, akiwaandikia Wayahudi waliolazimishwa kusilimu katika karne ya 12, aliwatetea kwamba maneno ya kulazimishwa hayawatoi katika dini, lakini akawahimiza kuondoka waende wanakoweza kuishika sheria.

Kinachokatazwa zaidi ni kinyume chake, yaani kujipeleka. Simulizi ya kuuawa kwa Askofu Polycarp wa Smirna inamtaja Quintus wa Frigia, aliyejitokeza mwenyewe kwa hiari na kuwashawishi wengine wajitokeze. Alipowaona wanyama wakali akatetemeka, akaapa na kutambika. Waandishi wanaongeza kwa ukavu kwamba hawawasifu wanaojitoa wenyewe.

Kwa mwenye dhamana ya watu hesabu ni ngumu zaidi. Cyprian, askofu wa Carthage, alijificha mwaka 250, akasemwa vibaya. Huko mafichoni aliendelea kuandika barua, kupeleka fedha kwa wafungwa na maskini, na kuamua mashauri. Mwaka 258 alipotakiwa kupelekwa Utica, alijificha tena kwa muda mfupi, kwa sababu aliyoieleza mwenyewe: askofu ayakiri maungamo yake katika mji wake, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi Carthage, Cyprian alikuwa nyumbani. Aliuawa tarehe 14 Septemba mwaka huo.

Kwa anayekimbia leo, sheria iko upande wake kuliko anavyodhani. Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unaitaja dini kuwa moja ya sababu tano za kupewa hifadhi. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa, kifungu cha 18, unakataza shuruti ya kumfanya mtu aache au abadili imani, na kifungu cha 4 hakiruhusu haki hiyo isimamishwe hata wakati wa hali ya hatari. Inayoweza kuwekewa mipaka ni namna ya kuidhihirisha dini, tena kwa sheria na kwa sababu zilizotajwa. Zamani waombaji walikuwa wakijibiwa kwamba warudi kwao wasali kimyakimya. Tarehe 5 Septemba 2012 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, katika shauri la wafuasi wawili wa Ahmadiyya, kundi la kidini, kutoka Pakistani, iliamua kwamba mwombaji hawezi kutarajiwa kuepuka mateso kwa kuacha ibada yake. Maombi mengi hukwama kwenye maelezo tu: tarehe zinazogongana kati ya mahojiano ya kwanza na ya pili, au mtu kueleza mateso ya jumla ya kundi lake bila kusema yeye alifanywa nini, na nani, lini.

Kuishi kwa kujificha miaka mingi

Mwaka 1504 mwanazuoni mmoja wa Afrika Kaskazini aliwaandikia Waislamu wa Hispania waliolazimishwa kubatizwa. Fatwa yake ni ya vitendo kabisa. Swala, hata kwa ishara. Mkizuiwa mchana, lipeni usiku. Hamna maji wala udongo, pangusa ukuta kwa tayamamu. Mkilazimishwa kusujudu mbele ya sanamu, nia yenu ielekee kwa Mungu. Mkilazimishwa kunywa pombe, kunyweni bila kukusudia. Uzuri wake ni kwamba haiachi ibada; inaipunguza hadi kiasi kinachoweza kubebwa bila kuonekana.

Wakristo waliojificha Japani walitatua tatizo lingine: kukosa mapadre kwa zaidi ya miaka 200. Waligawana kazi. Mmoja alitunza kalenda ili sikukuu zijulikane, mwingine alibatiza, mwingine alipeleka habari nyumba kwa nyumba. Wengi waliikanyaga picha ofisa alipokuja, kisha wakarudi nyumbani kusali sala ya majuto. Tarehe 17 Machi 1865 kikundi chao kilimwendea Padre Bernard Petitjean katika kanisa la Oura, Nagasaki, na kuuliza ilipo sanamu ya Maria.

Lakini kujificha kuna gharama. Sala zilizochanganya Kilatini, Kireno na Kijapani zilikaririwa kizazi hadi kizazi mpaka maana ikapotea kwa wasemaji wenyewe. Mapadre waliporudi, baadhi hawakujiunga na kanisa, kwa kuwa dini waliyoijua ilikuwa ile ya mababu mafichoni. Somo la kiufundi ni hili: jumuiya iliyojificha hupoteza maana kabla ya kupoteza maneno, kwa hiyo anayemfundisha mtoto sala amfundishe na anachokisema. Wengine huchelea kumwambia mtoto siri mapema. Woga huo una msingi, mtoto huongea shuleni. Ila akicheleweshwa mno anakua akidhani maigizo ya hadharani ndiyo imani ya nyumba yao.

Leo hatari kubwa ni simu. Orodha ya majina, kundi la ujumbe, picha ya ibada na ramani inayoonyesha simu ishirini zimekaa nyumba moja kila Ijumaa au Jumapili: hivyo vinatosha bila mpelelezi. Vikundi vidogo, maandiko yaliyohifadhiwa kichwani, simu kuachwa nyumbani na wala si kuzimwa mlangoni (kuzimwa pamoja kwa simu nyingi nako kunaonekana), na fedha za kusaidia familia za wafungwa kushikwa na zaidi ya mtu mmoja: hayo ndiyo mambo ya kawaida kwa jumuiya zinazodumu.

Walioanguka

Mateso ya Decius yalipopoa, mwaka 251, makanisa yalijaa watu wenye vyeti wakitaka kurudi. Waliokuwa wametoka gerezani bila kukana walianza kuwaandikia barua za msamaha kwa wingi, mara nyingine bila hata kutaja jina. Roma, padre Novatian alisema hapokelewi hata mmoja, akaanzisha kanisa lake. Maaskofu waliokutana Carthage walikataa njia zote mbili. Waligawa makosa: aliyenunua cheti bila kutambika hakulinganishwa na aliyetambika, na aliyetambika baada ya mateso hakulinganishwa na aliyekimbilia madhabahu siku ya kwanza. Wenye vyeti tu walisikilizwa mmoja mmoja na kupokelewa baada ya toba. Waliotambika waliwekwa katika toba ndefu, wapewe amani wakikaribia kufa. Muda mfupi baadaye, ilipoonekana mateso mengine yanakuja, mlango ukafunguliwa kwa wote waliokuwa katika toba, kwa hoja kwamba huwezi kumpeleka mtu vitani ukiwa umemnyima chakula.

Uamuzi mmoja wa wakati ule unafaa kutazamwa na kila jumuiya: viongozi walioanguka walipokelewa kama waumini wa kawaida, bila kurudishiwa cheo. Kurudi katika jumuiya na kurudi madarakani ni mashauri mawili. Pale yalipochanganywa, kama ilivyotokea Afrika Kaskazini baada ya viongozi kusalimisha Maandiko kwa watawala mwaka 303, mgawanyiko uliozaliwa ulikuwa bado unajadiliwa Carthage mwaka 411.

Kwa vitendo, anayerudi aulizwe mambo manne, faraghani, na watu wasiozidi watatu: alidaiwa nini, alitoa nini, alikuwa katika hali gani, na je, alimtaja mtu. La nne huulizwa kwanza, kwa sababu waliotajwa wanahitaji kuonywa siku hiyo hiyo, hata kabla ya toba kuanza. Anayelijibu kwa ukweli ameshaanza kurekebisha. Aliyetajwa naye asilazimishwe kukaa meza moja na aliyemtaja mpaka mwenyewe awe tayari, na gharama alizopata, iwe ni faini, kazi iliyopotea au kodi ya nyumba ya miezi aliyokuwa ndani, zihesabiwe na zilipwe kadiri inavyowezekana, kwa mfuko wa pamoja ikiwa aliyekosa hana kitu.